Msomaji wa Koboko na Tanbihi za Watu Wengine

Heart of Darkness ya Joseph Conrad ni riwaya fupi. Ilitoka kwa mafungu katika jarida la Blackwood's mwaka 1899, ikaingia kitabuni mwaka 1902, na msomaji aliyetulia huimaliza kwa siku moja. Lakini ukiishika katika toleo la Norton la Marekani utaikuta imezingirwa pande zote. Mna ramani, barua, shajara aliyoiandika Conrad mwenyewe alipokuwa Kongo, taarifa za watu walioushuhudia utawala wa Mfalme Leopold, kisha makala za wahakiki wanaobishana mpaka kurasa za mwisho. Nyongeza hizo zinaizidi hadithi kwa mbali. Robert Kimbrough ndiye aliyelianzisha toleo hilo mwaka 1963, akalirudia mara mbili, na mwaka 2006 Paul Armstrong akalipokea.

Conrad hautaji mto kwa jina. Hamtaji mfalme, wala mji wenye ofisi kuu ya kampuni. Ni juu ya mhariri kumwambia msomaji kwamba mto ni Kongo, mji ni Brussels, na nyuma ya kampuni amesimama Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Mwanafunzi wa Ohio akishaambiwa hayo anaendelea na hadithi yake. Mwanafunzi wa Koboko, kaskazini-magharibi ya Uganda, haendelei kwa wepesi huo, maana Leopold alipata kuitawala nchi yake. Kwa mkataba wa tarehe 12 Mei 1894, Waingereza walimkodisha mfalme huyo ukanda wa magharibi ya Nile, kutoka Ziwa Albert kupanda kaskazini kupita Lado, autumie maadamu yu hai. Arua na Koboko za leo zimo ndani ya ukanda huo. Wakati wasomaji wa London wanasubiri fungu la pili la hadithi ya Conrad, huku kwetu nchi ilikuwa mikononi mwa bwana yuleyule anayefichwa ndani ya hadithi. Leopold alikufa Desemba 1909. Mwaka uliofuata nchi hiyo, iliyoitwa Lado, ikarudishwa Sudan, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikatiwa Uganda, ndiyo maana leo Mkakwa wa Koboko anaweza kuwa na shangazi Kongo na mjomba Sudan Kusini bila yeyote kati yao kuhama kijiji.

Msomaji wa Marekani hakuhitaji kuelezwa habari za Lado, na mhariri wake hana kosa kwa hilo. Ila mfano huu unafichua jambo ambalo matoleo yenye maelezo hayapendi kulikiri: kila tanbihi ina mtu wake. Mhariri anapoamua neno hili nilieleze na lile niliache, amekwisha kumchagua anayemsomea, na sisi wengine tunasikiliza mlangoni. Kwa hiyo ukilinganisha mapokeo ya sherehe na hashia, yaani maelezo na maelezo juu ya maelezo, ya Ulaya, ya Uislamu, ya Uchina na ya Uswahilini, usianze kwa kuhesabu tanbihi. Tazama kwanza nani amekalishwa kwenye kiti cha msomaji.

Nianze na sifa, kwa sababu Norton wanazistahili. Mwezi Februari 1975 Chinua Achebe alitoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, akamshitaki Conrad waziwazi kwa ubaguzi wa rangi: kwamba ameifanya Afrika kuwa pazia la nyuma tu, na watu wake vivuli visivyo na usemi, ili Mzungu mmoja apate mahali pa kuvurugikiwa na akili. Kimbrough aliyaingiza mashitaka hayo ndani ya toleo lake la tatu, la mwaka 1988, na kando yake akamweka Wilson Harris wa Guyana, ambaye alikuwa amemjibu Achebe. Mshitakiwa, mshitaki na mtetezi wamefungwa katika jalada moja, na msomaji ameachiwa hukumu. Mhariri wa namna hiyo ana moyo mkuu. Wengi wetu tukipewa kitabu tukipendacho tukihariri, tungemwacha Achebe nje ya mlango.

Lakini mapokeo hayo yana upande mwingine, na anayetaka kuuona na atazame Ulysses ya James Joyce. Riwaya hiyo ya mwaka 1922 inapita siku moja ya Juni mjini Dublin, na imejaa nyimbo za mtaani, majina ya maduka, siasa za Ireland, Kilatini, na utani wa watu waliokwisha kufa. Don Gifford na Robert Seidman walitoa kitabu kizima cha maelezo yake mwaka 1974, wakakipanua mwaka 1988 kwa jina la Ulysses Annotated, na mwaka 2022, riwaya ilipotimiza miaka 100, yakatoka maelezo mapya, Cambridge na Oxford. Elimu iliyomo ni kubwa ajabu. Hata hivyo elimu hiyo imepangwa kwa ajili ya mtu mmoja, mwanafunzi wa chuo asiye Mkatoliki na asiye Mwairishi. Chukua ukurasa wa kwanza kabisa, ambapo kijana anayenyoa ndevu anaiigiza misa kwa dhihaka. Maelezo yanaona haja ya kutufundisha misa ni nini. Mzee wa Ediofe, kule kwenye kanisa kuu la Arua, aliyetumikia altareni zama za misa ya Kilatini, angeing'amua dhihaka hiyo bila msaada, tena pengine angekifunga kitabu kwa hasira. Ambalo halimwelei ni wembe na bakuli la sabuni. Tanbihi zinamfundisha anachokijua na kunyamaza pale anapokwama.

Sasa twende madrasani. Katika mapokeo ya Kiislamu kitabu kigumu hakikuachwa kisimame peke yake. Kuna matini, fupi, iliyobanwa makusudi ili ihifadhiwe kwa moyo. Kuna sherehe inayoifumua matini neno kwa neno. Na juu ya sherehe kuna hashia inayoijadili sherehe yenyewe. Mfano ambao wanafunzi wa madhehebu ya Shafii wa pwani yetu wameushika kwa vizazi ni fiqhi ya Abu Shujaa. Matini yake ni kijitabu. Karne kadhaa baadaye Ibn Qasim al-Ghazzi, aliyefariki mwaka 1512, akaiandikia sherehe. Kisha Ibrahim al-Bajuri wa Misri, aliyefariki mwaka 1860, akaandika hashia juu ya Ibn Qasim, ikawa nene kuliko vyote viwili. Mwanafunzi anayefungua ukurasa huo anasoma watu watatu waliotengwa na mamia ya miaka, na wa tatu ana ruhusa ya kumwambia wa pili kwamba hapa umepitiwa.

Tofauti na Norton ni kubwa kuliko umbo la ukurasa. Sherehe ya madrasa inachukulia kwamba msomaji hasomi peke yake. Mbele yake kuna mwalimu, na mwalimu huyo naye alisoma kwa mwalimu. Yasiyoandikwa yatasemwa. Ndiyo maana mtoto wa kijijini, ambaye Kiarabu si lugha ya mama yake, anaweza kuingizwa katika kitabu kigumu hatua kwa hatua, wakati mwanafunzi wa Norton akiachwa na tanbihi hana wa kumuuliza. Udhaifu wake pia uko wazi. Sherehe ilijengwa kwa vitabu vya dini, sheria, nahau na mashairi ya kumsifu Mtume, riwaya haikuwemo. Na mshereheshaji anaweza kumsahihisha mwenzake kwa heshima, lakini mshitaki wa namna ya Achebe, anayekuja kuipinga matini yenyewe, hana nafasi kwenye ukurasa ule.

Wachina ndio walioandika hashia juu ya riwaya zamani, na kisa chao kimoja kinatosha. Riwaya kuu ya Cao Xueqin, Ndoto ya Chumba Chekundu, ilizunguka kwanza kwa nakala za mkono zenye maoni yaliyoandikwa kwa wino mwekundu na mtu aliyejiita Zhiyanzhai. Nakala ya zamani zaidi ina mwaka 1754. Mtu huyo alimjua mwandishi, huenda alikuwa ndugu, kwani analia pambizoni anapokumbuka mambo ya nyumbani, na mahali pamoja maoni yanasema kwamba mwandishi aliamriwa afute kifo cha aibu cha mhusika fulani, naye akafuta. Riwaya ilipopigwa chapa mwaka 1791, maoni yale yaliachwa. Ilipofika mwaka 1927 Hu Shi akainunua nakala ile ya mkono, na tangu hapo elimu nzima ya riwaya hiyo ikageuka. Kumbe tanbihi ya jamaa wa mwandishi, iliyotupwa na wapiga chapa, ilikuwa na thamani kuliko dibaji zote.

Na Waswahili je? Hapa nitakaa zaidi, maana hapa ndipo penye kidonda.

Fasihi ya Kiswahili imepata wahariri wengi na wazuri. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ulihaririwa na Alice Werner na William Hichens mwaka 1934. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir ilitolewa na Hichens mwaka 1939, na tena na James de Vere Allen mwaka 1977. J.W.T. Allen alikusanya tendi kadhaa katika kitabu chake cha mwaka 1971. Wote hao walifanya kazi ya kuokoa miswada, na bila wao mengi yangeliwa na mchwa. Lakini fungua utazame chini ya ukurasa: beti ni za Kiswahili, maelezo ni ya Kiingereza. Mtoto wa Pate mwenyewe, akitaka kujua babu yake alimaanisha nini, sharti apite Uingereza kwanza. Kiti cha msomaji amekalia mwanafunzi wa London.

Kuna kisa kimoja kinachochekesha kidogo. Mwaka 1940 Hichens huyohuyo alitoa Diwani ya Muyaka bin Haji huko Johannesburg, na humo habari za maisha ya mshairi akazisimulia kwa Kiswahili. Mwaka 1979 Mohamed Hassan Abdulaziz, mwana wa Mombasa na bingwa wa lugha, akatoa toleo lake la Muyaka, bora zaidi kwa elimu, na maelezo yake ni ya Kiingereza. Mgeni aliwaandikia wenyeji, na mwenyeji akawaandikia wageni. Simlaumu Abdulaziz, vyuo vikuu vyetu havikuwa, na kwa kiasi kikubwa havijawa, na desturi ya kumpa mtu shahada kwa tanbihi za Kiswahili juu ya shairi la Kiswahili.

Aliyevunja desturi hiyo yupo. Shihabuddin Chiraghdin alihariri Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir Juma Bhalo, iliyotoka mwaka 1971, na baadaye Malenga wa Mrima ya Mwinyihatibu Mohammed, kwa Kiswahili, akimweleza Mswahili mwenzake. Hizo ndizo kazi ambazo mhariri wa kesho anapaswa kuzifunua kabla ya kufunua Norton.

Hata hivyo Chiraghdin naye alikuwa na msomaji wake, na msomaji huyo hakutoka Koboko. Mhariri wa pwani hulieleza neno la kale la Kimvita na kuyapita kusi, kaskazi na bamvua kana kwamba kila mtu amelala akisikia bahari. Huku kwetu bahari ni jambo la kusimuliwa. Kijana wa Koboko anazungumza Kikakwa nyumbani, Kinubi au Kilugbara na jirani, Kiingereza darasani, na Kiswahili amekiokota kwa wafanyabiashara wa Ariwara, ng'ambo ya mpaka, au kwa mjomba aliyekuwa jeshini. Kiswahili hicho cha Kongo kina maneno ambayo mtu wa Tanga angeyatolea macho, na kijana wetu hayahitaji kuelezwa hata moja. Mwambie "maji yamekupwa" ndipo atakapokuuliza maji gani. Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na tangu mwaka 2020 mtaala mpya wa sekondari za Uganda umekifanya cha lazima katika miaka miwili ya mwanzo. Wasomaji wanakuja, kwa hiyo. Ila hakuna mhariri aliyewakalisha kwenye kiti.

Kuna uwanja mmoja ambamo tanbihi ya nathari ya Kiswahili ilikomaa kweli, nao ni tafsiri za Kurani. Kasisi Godfrey Dale wa misheni ya UMCA alitoa tafsiri yake mwaka 1923, yenye maelezo ya kumsaidia Mkristo anayebishana na Waislamu. Mwaka 1953 Sheikh Mubarak Ahmadi akatoa ya jumuiya ya Ahmadiyya, na maelezo yake yakimjibu Dale. Mwaka 1969 ikakamilika Qurani Takatifu ya Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy wa Zanzibar, na humo Makadiani, yaani hao Waahmadiyya, wakajibiwa vikali. Ni mashitaka na majibu, kama yale ya Achebe na Harris, tofauti ikiwa kila mbishi alijichapia kitabu chake. Na jambo la kuzingatia: ugomvi wote ulifanywa kwa Kiswahili, ukasomwa na watu wa kawaida, fundi cherehani na mwenye duka. Asikwambie mtu kwamba msomaji wa Kiswahili hana subira ya kusoma maandishi madogo chini ya ukurasa.

Sasa kitabu ambacho kwangu ni mtihani wa haya yote: Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe. Si riwaya, najua. Lakini nikiulizwa kitabu gani cha Kiswahili kiwekwe mezani pamoja na Heart of Darkness, nitakitaja hiki, na wala sitafikiri mara mbili. Mto ni uleule, pembe za ndovu zilezile, na miaka ni ileile. Tippu Tip alikuwa wali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa niaba ya dola ya Leopold, na aliondoka kurudi pwani mwaka 1890. Mwezi Septemba mwaka huohuo Conrad akafika hapo kwa meli. Walipishana kwa miezi tu. Mmoja akaandika kwa ukungu, mafumbo na hofu ya msitu. Mwenzake akaandika kama mtu anayesoma daftari la madeni: nilikwenda, nilipata frasila kadhaa, yule alinidhulumu, wale niliwapiga. Damu inayomtoa Conrad pumzi, kwa Tippu Tip inapita katika sentensi moja, na ukavu huo unatisha kuliko ukungu wa Conrad.

Kitabu hicho ni kigumu. Kina majina ya watemi na vijiji ambavyo havimo katika ramani ya leo, ukoo wa Waarabu na Wanyamwezi uliofungamana kwa ndoa, vipimo vya biashara vilivyokufa, na mwandishi anayeruka mwaka bila kuaga. Heinrich Brode alikichapa Berlin mwaka 1902 na 1903, Kiswahili pamoja na Kijerumani. Wilfred Whiteley akakitoa tena mwaka 1958 na 1959, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, kwa utangulizi wa Alison Smith. Mwaka 1974 Padre François Bontinck akakitafsiri kwa Kifaransa mjini Brussels, akakijaza tanbihi kuliko wote: nani ni nani, njia ipi ilipita wapi, tarehe ipi inakubaliana na shajara ya Mzungu gani. Hivyo kitabu kikuu cha nathari ya Kiswahili juu ya karne ya 19 kimeelezwa kwa Kijerumani, kwa Kiingereza na kwa Kifaransa, na maelezo mapana kuliko yote yakachapwa katika mji uleule ambao Conrad aliona haya kuutaja.

Wala usidhani mambo hayo yako mbali na West Nile, eneo letu hili la Arua na Koboko. Februari 1887 Henry Stanley alimfuata Tippu Tip Zanzibar, akapatana naye juu ya uwali na juu ya wapagazi. Wapagazi wa nini? Wa kwenda kumwokoa Emin Pasha, gavana wa Ikweta, aliyekatiwa njia na wafuasi wa Mahdi wa Sudan upande wa kaskazini. Makao ya Emin yalikuwa Wadelai, ukingoni mwa Nile, ndani ya West Nile hii. Msafara ulipomwondoa Emin, askari wake wengi walibaki nyuma. Afisa Mwingereza Lugard akaja kuwachukua baadhi yao mwaka 1891, na kizazi chao ndio Wanubi wa Uganda, ambao Kinubi chao kinasikika Arua, Koboko na miji mingine mpaka leo. Kwa mhariri wa Ulaya, askari hao ni hesabu: wangapi walikubali kuondoka, wangapi walikataa. Kwa mtu wa huku wana majina, wana wake waliowaoa katika makabila ya hapa, wana wajukuu wanaouza kahawa. Tanbihi ya Emin Pasha iliyoandikwa na Mnubi wa Arua haitafanana na ya Bontinck, na haitapunguza thamani ya Bontinck. Hiyo ndiyo hashia juu ya sherehe.

Vivyo hivyo na jina la Rhino Camp ya huku kwetu. Theodore Roosevelt alipiga kambi huko mwaka 1910 kuwinda vifaru weupe, akaandika kitabu, na jina likabaki. Leo ni makazi ya wakimbizi. Anayesoma habari za pembe na ndovu za Lado akiwa hapa Arua anaziona tabaka hizo mbili kwa mara moja, bila kufungua maktaba.

Nimekaa sana na vitabu vya zamani. Riwaya zetu wenyewe zilizo ngumu zina hali mbaya zaidi. Nagona ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, zote nyembamba, zote zinamtoa msomaji jasho. Wanafalsafa wa Ulaya wanapita humo bila kujulishwa, maungamo, mkombozi na ngoma vinachanganyika, wakati unajikunja. Mwandishi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, akasoma seminari, akafundisha fasihi, na kila kimoja cha vitu hivyo kimeacha alama kitabuni. Hapa hata bingwa wa pwani si mwenyeji. Anayehitajika ni Mkerewe anayezijua ngano za kisiwani, akae na mtu aliyesoma Nietzsche na mtu aliyesoma katekisimu. Bina-Adamu! ya Kyallo Wamitila, ya mwaka 2002, inamfuata mtu anayezunguka dunia hadi Kijiji cha Utandawazi akimtafuta anayeitwa P.P., ambaye ni Peter Pan. Mwandishi ametegemea msomaji amjue mtoto wa tamthilia ya Barrie ya mwaka 1904, yule anayekataa kukua. Nani Koboko amekutana naye? Mistari mitatu chini ya ukurasa ingeyaweka wazi mashitaka yote ya kitabu. Mistari hiyo haimo.

Badala yake tuna mwongozo. Kila riwaya inapochaguliwa kutahiniwa Kenya, iwe Utengano, Kidagaa Kimemwozea au Chozi la Heri, hufuatwa na vijitabu vya miongozo: muhtasari wa kila sura, dhamira, maudhui, wahusika na sifa zao, mbinu za lugha, maswali na majibu. Vinavuka mpaka hadi kwetu. Nimewasikia wasomi wakivibeza, na mimi navibeza pia, lakini kwa sababu nyingine. Ubaya wa mwongozo hauko katika urahisi wake. Ubaya ni kwamba kiti cha msomaji amekalia mtahini. Mwongozo hauelezi neno linalomkwamisha kijana. Unaeleza jibu litakalompa alama, kisha kijana anauacha mwili wa riwaya na kula maelezo matupu. Sherehe ya madrasa haikuruhusu hilo, kwani matini imo ndani yake, neno baada ya neno, na huwezi kuisoma sherehe bila kuisoma matini. Ningekuwa mchapishaji, hilo ndilo ningeliiba kwanza. Kutoka Norton ningeiba la pili: kumweka mshitaki ndani ya jalada. Tippu Tip anahitaji mshitaki kuliko hata Conrad, maana watumwa wake hawana ukurasa katika kitabu chake, na wajukuu wa walioporwa wapo hai Maniema na Kisangani, wanazungumza Kiswahili, wanaweza kujibu.

Kazi hiyo haihitaji jumba jipya. Chuo Kikuu cha Muni kipo Arua. TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, ipo Dar es Salaam. Wachapishaji kama Mkuki na Nyota na Fountain wanajua kupanga ukurasa wenye tanbihi. Kinachohitajika ni mhariri mmoja atakayekubali kutia saini pamoja na wenzake watatu, wa Zanzibar, wa Kisangani na wa West Nile, na kumpa kila mmoja alama yake ili msomaji ajue nani anasema nini na nani anampinga nani. Waanze na Tippu Tip, kwa maelezo ya Kiswahili mwanzo hadi mwisho; kikifaulu, waende Nagona.

Nawe msomaji mwenye nakala ya kitabu kigumu, usikionee haya kukiandika. Pale unapojua jambo ambalo mhariri hakulijua, jina la kijiji, ukoo wa askari, maana ya neno kama lisemwavyo Ariwara, liandike pambizoni kwa penseli, uweke jina lako na mwaka.